Je, wajua kwa nini darasa jipya Uganda halina dirisha upande wa mashariki?

Baadhi ya shule mpya Uganda zina jambo linalowashangaza wapita njia: kuta mbili fupi za jengo, ya mashariki na ya magharibi, hazina dirisha hata moja. Wengine hudhani pesa ziliisha. Sivyo, mchoraji wa ramani ya jengo alikuwa anakwepa jua.

Ikweta inapita Uganda. Alama yake iko Kayabwe, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, pale watu wanaposimama kupiga picha. Katika nchi iliyokaa hivyo, jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima. Hata Juni na Desemba, linapohamia mbali zaidi kaskazini au kusini, jijini Kampala huinama nyuzi 23 hivi tu kutoka utosini. Basi paa likitokeza mita 1 nje ya ukuta wa kaskazini au wa kusini, jua likifika juu kabisa kivuli hufunika zaidi ya mita 2 za ukuta, dirisha likiwemo.

Tatizo ni jua la saa mbili asubuhi na la saa kumi na moja jioni. Hilo liko chini, hupenya chini ya paa na kumpiga mwanafunzi machoni, tena hupasha ukuta moto. Hakuna upenu wa kawaida unaoliweza. Kwa hiyo jengo hulazwa kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, na madirisha huwekwa kaskazini na kusini. Uamuzi huu haugharimu hata shilingi, mradi ufanywe kabla ya kuchimba msingi. Mimi nauweka mbele ya paneli zote za sola.

Kisha kuna kuta. Tofali za kuchoma hula kuni nyingi. Ukiona tanuru linafuka kijijini, ujue kuna miti iliyokatwa. Badala yake shule nyingine hutumia tofali za kufungamana: udongo mwekundu wa maramu uliochekechwa, saruji kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10, kisha mchanganyiko hukandamizwa kwa mashine ya mkono. Hazichomwi. Umbo lake huzifanya zishikane, hivyo hata chokaa ya kujengea hupungua. Saruji nayo huchafua hewa kiwandani, usidanganyike, ila hapa ni kidogo. Kinachoziharibu zaidi ni haraka: tofali lazima lifunikwe na kumwagiwa maji siku kadhaa, na hukomaa baada ya wiki 4 hivi. Mkandarasi anayekimbilia malipo hulijenga likiwa bichi. Udongo nao hupimwa kwanza. Wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka.

Udongo si dalili ya umaskini. Hospitali ya upasuaji wa watoto ya Entebbe, iliyochorwa na Renzo Piano, msanifu majengo mashuhuri wa Italia, na kufunguliwa mwaka 2021, ina kuta za udongo ulioshindiliwa, uliochimbwa papo hapo kiwanjani.

Juu, bati tupu huwaka mchana, na mvua ikinyesha mwalimu hasikiki. Dari, hata ya mikeka ya mafunjo, hupunguza yote mawili, na matundu karibu na kilele cha paa huruhusu hewa ya moto itoke.

Bati hilohilo huleta maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 130 likipata mvua ya milimita 20 hukinga lita 2,600, ukitoa kidogo inayopotea. Maji ya kwanza humwagwa, maana yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Jiko husahauliwa sana. Shule ya bweni hupika posho, yaani ugali, na maharagwe kila siku, na mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya moto pembeni. Jiko la matofali lililokumbatia sufuria, lenye bomba la moshi, huokoa kuni nyingi na macho ya mpishi.

Na kama shule yenu tayari inatazama magharibi? Ongezeni baraza pana upande huo, au pandeni miti ya kivuli, mbali kidogo ili mizizi isifikie msingi.