Je, wajua kwa nini miji mikubwa humtaka anayemtuma mshawishi aandikwe jina hadharani?

Waswahili tunasema mjumbe hauawi. Lakini yeyote aliyewahi kufuatilia jambo pale City Hall, Kampala, analijua swali linalofuata: huyu mjumbe katumwa na nani? Anaingia ofisini na faili mkononi, anajitambulisha kuwa amekuja kwa niaba ya wawekezaji. Wawekezaji gani? Miezi michache baadaye stendi ya taksi inahamishwa, au kiwanja kilichokuwa wazi kinazungushiwa mabati, na wachuuzi wanabaki kuulizana nani alizungumza na nani.

Kuna miji ambayo imeamua swali hilo lijibiwe kwa maandishi, na jibu liwekwe mahali ambapo raia yeyote anaweza kulisoma bila kuomba ruhusa. Chicago, New York, Los Angeles na Toronto zote zina daftari la washawishi, yaani watu wanaolipwa ili wazungumze na meya, diwani au ofisa wa jiji na kuuvuta uamuzi upande fulani. Uamuzi huo unaweza kuwa tenda ya kuzoa taka, kibali cha kujenga ghorofa, ada ya mabango au kanuni za teksi. La kuvutia zaidi ni kwamba madaftari haya hayaishii kwa anayeongea. Yanamtaja pia anayelipa, na mara nyingi yanampa wajibu wake mwenyewe kisheria.

Kwa nini huyo wa pili? Jiulize jina la mshawishi peke yake lingekuambia nini. Mshawishi mmoja aweza kuwa na wateja ishirini. Leo yuko ofisini kwa ajili ya kampuni ya mabasi, kesho kwa ajili ya mwenye hoteli. Ukiambiwa fulani alionana na mwenyekiti wa kamati ya ardhi siku ya Jumanne, bado hujui chochote cha maana mpaka ujue siku hiyo alikuwa anakula kwa nani. Tena wajumbe hubadilishwa, lakini mwenye maslahi ni yule yule. Ndiyo maana mtu anayetaka kujua nani anausukuma mradi fulani hupekua daftari kwa jina la kampuni kwanza, halafu anatazama imewatuma akina nani, kwa nani, na kwa shilingi ngapi.

Yupo pia mshawishi ambaye hakukodiwa popote. Ni mfanyakazi wa kampuni yenyewe, cheo chake kikiwa meneja wa mahusiano na serikali au kitu cha namna hiyo, na mshahara wake unalipwa mwisho wa mwezi kama wa mhasibu. Kama sheria ingewataka wanaokodiwa tu wajiandikishe, kampuni kubwa zingewahamishia watu wao ndani na kila kitu kingerudi gizani. California iliuona mwanya huo mapema. Juni 1974, nchi ya Marekani ikiwa bado katikati ya kashfa ya Watergate, wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha sheria ya maadili ya siasa iliyowabana sio washawishi tu bali na waajiri wao, ambao mpaka leo hutoa taarifa za matumizi kila robo mwaka. Jiji la Los Angeles nalo, katika kanuni zake, limemtengea mwajiri wa mshawishi fungu lake: kampuni yenye mshawishi wake wa ndani hutoa taarifa kwa jina lake yenyewe.

Miji huwa haitungi sheria kama hizi kwa hiari ya moyo. Toronto ilifundishwa na kompyuta. Mwaka 1999 baraza la jiji hilo la Kanada liliidhinisha mkataba wa kukodi kompyuta na vifaa vyake kwa dola za Kanada milioni 43 hivi. Mambo yalipokuja kuchunguzwa, gharama ilikuwa imefika karibu mara mbili ya hiyo, na muda wa kukodi ulikuwa umerefushwa kutoka miaka mitatu hadi mitano. Jaji Denise Bellamy akapewa kazi ya kuchunguza hadharani, na ripoti yake ya 2005 inasomeka kama kitabu cha jinsi jiji linavyozungukwa taratibu. Muuzaji wa kampuni alikuwa karibu na wanasiasa na maofisa kupita kiasi. Kulikuwa na chakula, burudani, hata safari ya ndege ya kukodi kwenda kutazama mchezo wa hoki Philadelphia. Jaji alitoa mapendekezo 241, na miongoni mwake lilikuwemo suala la daftari la washawishi. Daftari lilianza kufanya kazi mwaka 2008. Humo, kampuni ikiwa inatumia wafanyakazi wake kuzungumza na jiji, wajibu wa kuandikisha uko kwa ofisa wake mkuu. Muuzaji mdogo hawezi kuachiwa msalaba aubebe peke yake.

Hata hivyo, kisa kinachoonyesha vizuri zaidi namna daftari linavyouma ni cha Chicago, na wasafiri wa Kampala wanalijua jina la kampuni husika, maana imekuwa ikibeba abiria hapa tangu 2016. Novemba 2015, David Plouffe, aliyeongoza kampeni ya urais ya Barack Obama mwaka 2008 na wakati huo akiwa kiongozi katika Uber, alimwandikia barua pepe meya Rahm Emanuel. Wawili hawa walifahamiana tangu enzi za Obama. Barua ilikuwa fupi na ya kirafiki: aliomba msaada kuhusu kanuni zilizokuwa zinawabana madereva wa Uber kuchukua abiria katika viwanja vya ndege vya jiji. Tena ilitumwa kwenye anwani binafsi ya meya.

Hakuna bahasha iliyotajwa, wala zawadi. Kosa lilikuwa moja: Plouffe alikuwa ameomba uamuzi wa jiji kwa niaba ya mwajiri wake, na hakujiandikisha ndani ya siku tano za kazi kama sheria inavyotaka. Barua hiyo ingebaki imejifungia huko isingekuwa kesi zilizofunguliwa kudai barua pepe za meya, ambazo zilimfanya azitoe hadharani Desemba 2016. Februari 2017 Bodi ya Maadili ya Chicago ikamtoza Plouffe faini ya dola 90,000. Uber nayo ikatozwa dola 2,000 kwa kumtumia mshawishi asiyesajiliwa.

Tazama hiyo hesabu vizuri. Aliyeongea alilipa mara arobaini na tano ya aliyemtuma. Kwa maoni yangu hapo ndipo sheria ya Chicago ilipojikwaa. Kampuni yenye thamani ya mabilioni haistuki kwa dola 2,000. Lakini kampuni kutajwa kwenye uamuzi rasmi kuna uzito wake, kwa sababu tangu siku hiyo kila diwani aliyepokea simu kutoka kwao alikuwa na sababu ya kuuliza: je, mmejiandikisha?

Na hicho kitabu kinaandikwa nini ndani? Fomu zenyewe ni za kawaida kabisa. New York, ambako kazi hii iko chini ya ofisi ya karani wa jiji, mshawishi anamtaja mteja wake, anaeleza jambo analolifuatilia, anataja ofisi anazokusudia kuzifikia na malipo anayopata, na anaambatisha barua ya makubaliano ili mteja asije akasema hamjui. Mteja mwenyewe hutoa taarifa yake kila mwaka. Ukiwa na hesabu mbili za jambo moja, moja ya anayelipwa na nyingine ya anayelipa, ukaona hazilingani, umeshapata pa kuanzia kuuliza. Yote hayo yako kwenye mtandao, na mwandishi wa habari au mama mwenye duka mtaani anaweza kutafuta jina akiwa amekaa nyumbani kwake.

Raia wa kawaida hahusiki. Mkazi anayekwenda kulalamikia mtaro ulioziba hajiandikishi popote, wala anayesimama kutoa maoni kwenye kikao cha wazi. Hili ni muhimu sana kwetu, kwa sababu sheria ya kuandikisha wasemaji ikitungwa vibaya yaweza kugeuzwa fimbo ya kuwachapia wachuuzi wa soko la Owino na vyama vya boda boda, huku wakubwa wakiendelea kupiga simu zao za usiku. Miji yenye uzoefu huweka kiwango cha malipo au cha kazi, na chini ya hapo hakuna anayekusumbua.

Daftari halizuii mwizi aliyeamua kuiba. Los Angeles ilikuwa na daftari lake, tena la miaka mingi, na bado diwani José Huizar, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mipango miji na matumizi ya ardhi, alipokea rushwa kutoka kwa wajenzi wa majumba katikati ya jiji. Wapelelezi walipopekua nyumba yake walikuta dola 129,000 hivi taslimu. Januari 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 13. Rushwa ya namna hiyo hukamatwa na wapelelezi. Daftari kazi yake ni lile eneo pana lililo halali, la mazungumzo yasiyo na jinai ndani yake lakini yanayoamua nani ahame na nani ajenge.

Eneo hilo ndilo hapa Uganda halina kitabu. Sheria dhidi ya rushwa ya 2009 inaitambua jinai ya kuuza ushawishi. Sheria ya maadili ya viongozi inawataka watangaze mali, mapato na madeni yao kwa IGG, yaani mkaguzi mkuu wa serikali, na mwananchi anaweza kuomba kuyaona matangazo hayo. Tangu marekebisho ya sheria ya makampuni ya 2022, kampuni inapaswa kueleza wamiliki wake halisi ni akina nani. PPDA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, nayo ina tovuti inayoonyesha tenda zilizotolewa. Kwa hiyo tunaweza kujua kiongozi ana nini, kampuni ni ya nani, na tenda ilikwenda wapi. Katikati ya hayo, pale kampuni ilipomtuma mtu aende akazungumze na kiongozi, hakuna sheria inayomtaka mmoja wao aandike hata mstari.

Chukua mfano wa Shimoni. Mwaka 2006 shule na chuo cha walimu viliondolewa pale katikati ya Kampala, na serikali ikaitoa ardhi kwa mwekezaji ajenge hoteli kabla ya mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola wa Novemba 2007. Wageni walikuja, wakaondoka, hoteli haikuwepo. Uamuzi mzito namna ile, hata kama ulifanywa kwa nia njema kabisa, ulimwacha mzazi ambaye mtoto wake alihamishwa hana pa kusoma ombi lilianzia wapi, lilipelekwa na nani, kwa ofisi ipi, na mpelekaji alikuwa akilipwa na nani.

Kisa hicho kinaonyesha pia ugumu wa kuinakili Chicago ilivyo. Kampala ina milango mingi. Sheria ya 2010 iliyoiunda KCCA, mamlaka inayoendesha jiji, ilituletea Meya Mkuu anayechaguliwa na wananchi, mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais, na waziri anayehusika na jiji, bila kusahau meya na madiwani katika divisheni tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Mambo ya ardhi yana bodi yake, na mazingira yana mamlaka yake. Mwenye fedha akiona mlango mmoja una daftari, atabisha mlango wa pili. Daftari la Kampala lisipomfikia waziri na bodi ya ardhi litabaki kuwanasa wanaokwenda kwa diwani tu, na diwani mara nyingi siye mwenye neno la mwisho.

Lakini pa kuanzia papo. KCCA ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo za jiji, na inaweza kuzitaka kampuni zinazoomba vibali na tenda zake ziwataje watu zinaowatuma. Fomu iandikwe kwa Kiingereza, Luganda na Kiswahili, lugha ambayo katiba yetu iliitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, ili mwenye kibanda Nakawa aisome bila kumtafuta mkalimani.

Wakati tukisubiri, ibara ya 41 ya katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2005 ya kupata habari inaeleza namna ya kuitumia. Ombi huandikwa kwa ofisa wa habari wa taasisi, ambaye kisheria ni mkuu wa taasisi yenyewe, naye anapaswa kujibu ndani ya siku 21. Unaweza kuomba barua zote ambazo kampuni fulani iliiandikia ofisi hiyo kuhusu kiwanja fulani, pamoja na kumbukumbu za vikao vilivyofanyika juu yake. Taja kiwanja, taja kampuni, taja tarehe. Ombi la jumla jumla ni rahisi kuzungushwa, lakini lenye majina matatu mahususi linamlazimu anayelijibu aseme barua zipo au hazipo.