Maziwa ya ziada hayamwagwi kwa uchoyo

Aprili 2020, wafugaji wa Wisconsin, Marekani, walimwaga maziwa huku foleni za benki za chakula, yaani vituo vinavyowagawia wahitaji chakula bure, zikirefuka. Wengi walisema ni roho mbaya: si wangewapa tu wenye njaa? Au ati waliogopa kushtakiwa mtu akiugua. Hilo la mashtaka halina mashiko. Tangu 1996 sheria ya nchi nzima inamlinda anayetoa chakula kwa nia njema.

Kikwazo kilikuwa katikati ya zizi na mezani. Ng'ombe hukamuliwa angalau mara mbili kwa siku, korona iwepo isiwepo, na tangi la shambani likijaa lazima maziwa yaondolewe. Benki ya chakula haiwezi kugawa maziwa mabichi kwa ndoo: yapitishwe kwanza kwenye joto la kuua vijidudu, yafungwe, yakae kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi. Na mitambo mingi ilikuwa ya kufungia pakiti ndogo za shule, na shule zenyewe zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona.

Huko Milwaukee, mji wa Wisconsin, shirika la Hunger Task Force lililipia maziwa hayohayo, yakasindikwa katika kiwanda cha maziwa cha Kemps, yakagawiwa bure. Aliyekosekana alikuwa mlipaji wa kiwanda na lori la baridi.