Presha si Dawa ya Kila Mwamba

Tangu ujenzi wa bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani uanze, vijana wengi wa Tanga wanataka kuijua kazi ya mafuta, na ni jambo jema. Mafuta yakiwa chini ya ardhi, mara nyingi maji husukumwa ndani ya mwamba kupitia kisima kimoja ili yayasukume mafuta yatokee kisima kingine. Basi kila darasa linaniletea swali lilelile: "Mwalimu, mwamba uking'ang'ania mafuta, si tuongeze tu presha ya maji?"

Hapana, wanangu. Kwenye mchanga unaopitisha vizuri, kama ule wa bonde la Ziwa Albert, maji hushikilia presha na kuyasukuma mafuta hadi kisima cha uzalishaji. Mwamba uliobana, ambao vitundu vyake ni vyembamba mno, ni habari nyingine. Upitishaji wake mara nyingi hauzidi milidarsi 0.1 (milidarsi ni kipimo cha jinsi mwamba unavyopitisha vimiminika), na kwa nguvu zake za asili hutoa sehemu ndogo tu ya mafuta yake, mara nyingi chini ya asilimia 10. Ukipandisha presha, maji yanafuata ufa. Kama ufa haupo, presha ikizidi uwezo wa mwamba inaupasua, na maji yanakimbilia kisima cha jirani. Mafuta ya pembeni yanabaki palepale, nawe umechoma dizeli kuzungusha maji.

Kinachoyatoa mafuta ya mwamba uliobana ni mwamba wenyewe kunyonya maji. Chukua kipande kilichojaa mafuta, kizamishe kwenye chupa ya maji ya chumvi, kisha ukiache. Kama ni mwamba unaopenda maji, yaani maji hushikamana na jiwe lake kuliko mafuta, taratibu utaona vitone vya mafuta vikichomoza juu ya jiwe kama jasho, vinanenepa, vinabanduka, vinapanda hadi shingoni mwa chupa. Pampu haijaguswa! Maji yameingia kwenye vitundu vyembamba na kuyafukuza mafuta kupitia vilivyo vipana. Wahandisi wa eneo la mafuta la Spraberry, Texas, Marekani, walilichunguza jambo hili tangu miaka ya 1950. Siku hizi kuna visima vinavyoingiziwa maji, vikafungwa kwa muda mwamba uloane, ndipo vikafunguliwa vitoe mafuta kwa mdomo uleule. Anayefungua mapema anaiharibu kazi. Na mwamba ukiwa unapenda mafuta, kuloweka kutupu hakufui dafu mpaka maji yatiwe dawa ya kuubadilisha upende maji. Ndiyo maana nasisitiza: pimeni jiwe kabla ya kununua pampu.

Wengine hudhani mafuta yamejaa kwenye pango kama la Amboni. Yamo ndani ya vitundu vya jiwe.

Eti maji yoyote yanafaa? Maji baridi huvimbisha udongo wa mfinyanzi ulio ndani ya mwamba, vitundu vikaziba. Ya bahari yana chumvi iitwayo salfeti. Ikikutana na bariamu, madini yaliyo kwenye maji ya chini, hugeuka gamba gumu ndani ya bomba. Oksijeni isipoondolewa, kutu inakula chuma.

Na kisima kikianza kutoa maji, msikimbilie kukifunga. Tazameni yamekuja kwa kasi gani. Yakiongezeka polepole, ni kawaida. Yakifurika ghafla, shukuni ufa, mpunguze kwanza kasi kwenye kisima cha kuingizia maji.