Panya kuwa na kirusi si sawa na kijiji kuwa na ugonjwa

Kila tunapotega panya mashambani kwa uchunguzi, maswali huwa yale yale: mbona mnasema mmekuta virusi halafu hamtangazi hatari? Wengine hutuletea mizoga kwenye mifuko ya rambo na kutaka majibu jioni hiyo hiyo.

Tumzungumzie panya shamba, Mastomys natalensis, aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Ndiye mbebaji mkuu wa kirusi cha Lassa, kinachosababisha homa ya Lassa kwa binadamu, na kilichotambuliwa Nigeria mwaka 1969. Panya wa spishi hiyo hiyo hapa Tanzania hubeba virusi vya Morogoro na Gairo, na huko Msumbiji hubeba Mopeia. Vyote ni vya familia ya arenavirusi, lakini hakuna ugonjwa wa binadamu uliohusishwa na hivyo vitatu. Hatusemi ni salama, tunasema havijahusishwa. Anayesambaza ujumbe kwamba "Lassa imeingia Morogoro" kwa kuwa amesikia neno arenavirusi anatisha watu bure, na tumeshalisema hili mara nyingi.

Kinachovizuia virusi hivi kuzagaa ni panya wenyewe. Kijenetiki, panya shamba wamegawanyika katika koo kubwa sita, na Lassa imeshikamana na ukoo wa magharibi. Hapa kwetu koo mbili zinakutana katika ukanda mwembamba. Panya wa pande zote mbili huzaana, lakini kirusi cha Gairo kimebaki na ukoo wake na cha Morogoro na wake. Kwa hiyo ramani ya mahali spishi hii ilipo peke yake haitoshi kukuonyesha kirusi kilipo; lazima ujue na ukoo.

Ndani ya Lassa yenyewe tofauti ni kubwa. Jenomu yake, yaani seti nzima ya maelekezo ya urithi, ina vipande viwili vya RNA (kemikali inayobeba maelekezo hayo kwa mfuatano wa herufi), na ukilinganisha virusi vya maeneo mbalimbali, kipande kidogo hutofautiana hadi kufikia asilimia 25, kikubwa asilimia 32. Kipimo cha PCR, cha maabara cha kugundua chembe za urithi za kirusi, hutafuta mfuatano maalumu wa herufi. Herufi zikibadilika mahali hapo, kinaweza kutoa majibu hasi ilhali kirusi kipo. Ndiyo maana tunapima zaidi ya mara moja na kusoma mfuatano kabla ya kuandika ripoti.

Sasa usafirishaji, ambako makosa ni mengi. Sampuli za kundi B, zenye hatari ndogo kuliko za kundi A, na zenye alama UN 3373 (namba ya Umoja wa Mataifa ya vitu hatari), hufungwa kwa tabaka tatu: chupa isiyovuja, chombo cha pili kisichovuja, chenye kitu cha kufyonza majimaji katikati, na kasha la nje gumu, ambalo angalau upande mmoja wake una vipimo visivyopungua milimita 100 kwa 100. Kifurushi lazima kihimili kuanguka kutoka mita 1.2. Alama huwa ndani ya almasi yenye pande za milimita 50 au zaidi. Orodha ya vilivyomo huwekwa kati ya tabaka la pili na la nje, si ndani ya chupa. Sampuli inayoshukiwa kuwa na Lassa ni ya kundi A, UN 2814, yenye masharti makali zaidi. Kifurushi kisichotimiza haya hukataliwa, na gharama ni za mtumaji.

Nyumbani, usifagie kinyesi cha panya kikiwa kikavu, maana vumbi lake huvutwa kwa pumzi. Vaa glavu, lowesha kwa klorini ya majimaji ya nyumbani, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, subiri dakika tano, kisha futa. Fanya hivyo hata pasipo Lassa: homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022 husababishwa na bakteria ambao panya pia huwabeba, na hawaulizi ukoo wa panya.

Mizoga msituletee. RNA huharibika haraka, na panya aliyelala juani siku mbili hatupimi, hata akifungwa kwa tabaka tatu. Ukiona panya wengi wanakufa kwa pamoja bila kutegewa sumu, usiwaguse; mjulishe ofisa afya wa kata siku hiyo hiyo, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa dalili ya tauni, na utaratibu wake ni mwingine.