Himalaya si mlima, na K2 hauko huko

Anayesema "Mlima Himalaya" ameshateleza kabla hajaanza kupanda. Himalaya ni safu ya milima, si mlima uliosimama pekee kama Kilimanjaro. Inaanzia Nanga Parbat, Pakistani, inapita India, Nepal na Bhutan hadi Namcha Barwa kule Tibet: kama kilomita 2,400.

Sikio la Mswahili hulivuta jina lenyewe kwenye "himaya", na si ajabu, maana safu hiyo kweli huikinga India na upepo wa baridi wa kaskazini. Lakini himaya tumeitoa kwenye Kiarabu. Himalaya ni Kisanskriti: hima ni theluji, alaya ni makao. Makao ya theluji, basi.

K2, wenye mita 8,611, ni wa pili kwa urefu duniani, na wengi huuweka Himalaya bila kufikiri. Uko Karakoram, safu jirani upande wa kaskazini-magharibi. Mwaka 1856 mpima ardhi Mwingereza, Thomas Montgomerie, aliona vilele viwili kwa mbali, akavichora daftarini na kuviandika K1 na K2, K ikiwa ya Karakoram. K1 ulikutwa na jina la wenyeji, Masherbrum, ukarudishiwa. K2 hadi leo unatembea na namba ya daftarini. Na Karakoram kwa lugha za Kituruki ni changarawe nyeusi, jina la njia ya misafara lililokuja kubandikwa safu nzima, yenye mito ya barafu mirefu kupindukia. Nenda kaitafute hiyo changarawe!

Everest je? Si jina la mtu aliyeupanda. George Everest alikuwa mkuu wa upimaji wa ardhi India hadi 1843. Mrithi wake, Andrew Waugh, ndiye aliyependekeza jina hilo, akidai hakuna jina la wenyeji linalojulikana vya kutosha. Watibeti walikuwa wakiuita Chomolungma. Everest mwenyewe alipinga, akisema Wahindi wasingeweza kulitamka jina lake. Mwaka 1865 likapitishwa hivyo hivyo. Kinachonichekesha ni kwamba familia yake ilitamka "Ivrist", kwa hiyo karibu dunia nzima, Waingereza wakiwamo, inalikosea.