Msiniulize Tena Kama Wafungwa "Wameokoka Kweli"

Swali limenijia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mzee wa kanisa niliyedhani ananifahamu vya kutosha. "Mchungaji, hao wa jela si wanaokoka ili watoke mapema?" Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeuliza huku jibu analo mfukoni. Katika ukasisi wa magereza nimelisikia swali hili kwa sauti ya huruma, ya kejeli na hata ya upelelezi. Sasa naliandikia, ili atakayeuliza tena nimtumie kiungo tu, nami niendelee na kazi.

Hilo la kutoka mapema nilimalize haraka. Mahali pengi punguzo la kifungo hutolewa kwa tabia njema, yaani hujapigana, hujakutwa na kilichokatazwa, hujamtolea askari maneno machafu. Rejista ya ubatizo haimo. Penye bodi ya parole, ile inayoamua nani aachiliwe kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, ndiyo, cheti cha mafunzo ya Biblia kinaweza kuingia kwenye faili, na wapo wanaokifuata kwa sababu hiyohiyo. Sitaki kudanganya. Lakini cheti cha useremala nacho kinaingia kwenye faili lilelile, na sijamsikia mtu akiuliza kama mfungwa amekuwa seremala kweli.

Mwenye shaka aitazame Angola, gereza kubwa la jimbo la Louisiana, Marekani. Tangu 1995 seminari ya Kibaptisti ya New Orleans imekuwa ikifundisha humo ndani, na wafungwa waliohitimu ndio wanaowachunga wenzao. Baadhi yao huhamishiwa magereza mengine ya jimbo hilo wakahudumu huko kama wamisionari. Sehemu kubwa ya waliomo Angola wamefungwa maisha, na kwa sheria ya Louisiana kifungo cha maisha kwa kawaida hakina parole. Mtu anayejua kwamba atafia humo anaigiza ili apate nini? Karla Faye Tucker aliokoka akiwa mahabusu huko Texas, akisubiri kesi ya mauaji ya kutisha ya mwaka 1983. Miaka ikapita, hata Papa akamwombea aepushwe na kifo. Tarehe 3 Februari 1998 akadungwa sindano akafa. Tena hili si geni kwa anayesoma Biblia: yule mhalifu aliyemgeukia Yesu pale msalabani aliahidiwa peponi, lakini msalabani hakuteremshwa.

Haya. Sasa wanafuata nini? Wengi, mwanzoni, hawamfuati Yesu. Wanafuata saa moja nje ya seli. Wanafuata kuimba, kwa sababu ni mahali pekee wanaporuhusiwa kupaza sauti. Na wanafuata usalama. Kijana wa kifungo cha kwanza, hana ndugu, hana kundi, anajisogeza kwa waombaji kwa kuwa ameona kwamba hapo watu hawanyang'anywi vitu vyao. Mtaniambia huo ni unafiki. Mimi nauita woga, na woga umejaza makanisa ya nje pia: mwingine ameletwa na ugonjwa, mwingine ndoa inamponyoka. Mlango alioingilia mtu haunishughulishi. Nataka kujua kama bado yumo mwaka unaofuata, na wenzake wanamsemaje.

Wenzake, narudia. Hapa ndipo watu wa nje wananichosha hasa, maana wanaamini jela ni mahali rahisi pa kuigiza. Nani kawaambia? Wewe unaigiza Jumapili asubuhi, umeoga, umevaa, halafu unarudi nyumbani kwako na kufunga mlango. Mfungwa hana mlango wa kufunga. Anaonwa akiamka, akiwa chooni, akipokea barua mbaya, akinyimwa zamu yake, akidaiwa. Anaonwa na watu wasio na kazi nyingine ila kumwona. Huko El Salvador magenge yalijulikana kumwacha mtu ajitoe akiokoka, kwa sharti kwamba wokovu wenyewe uwe wa kweli, na mkaguzi alikuwa genge lenyewe. Nionyesheni kamati ya wazee wa kanisa inayokagua kwa ukali huo.

Nitaeleza kitu kimoja nilichokishuhudia. Kulikuwa na mtu aliyejulikana kwa kuazima sabuni. Ukimpa kipande, umekitoa sadaka. Akaanza kuhudhuria ibada, na seli nzima haikujali. Wanaohudhuria ni wengi. Kisha siku moja akarudisha kipande cha sabuni alichokuwa amekiazima asubuhi. Kesho yake akarudisha tena. Wakamcheka, wakampachika jina, wakamtuma mmoja akaazime kwake waone kama atatoa. Akatoa. Mwishowe yule aliyelala jirani yake, mtu mgumu asiyekanyaga ibadani, akamuuliza usiku, "Wewe umepatwa na nini?" Mazungumzo yao yalikwenda mpaka usiku wa manane. Mimi nilikuwa kwangu nimelala, na mahubiri yangu ya Jumapili ile hata mwenyewe nimeyasahau.

Ndivyo imani inavyotembea gerezani. Sisi wa nje tunakuja na kwaya na spika, tunaita watu mbele, tunahesabu mikono, tunapiga picha kama tukiruhusiwa, saa tisa tumeondoka. Kazi inaanza tukishaondoka. Someni Matendo 16 polepole. Paulo na Sila wamepigwa viboko, miguu imekazwa kwenye mkatale, usiku wa manane wanaomba na kuimba, na Luka anasema wafungwa wengine walikuwa wanawasikiliza. Kila mhubiri anarukia tetemeko na milango kufunguka. Kwangu cha ajabu ni kwamba milango ilifunguka na hakuna aliyetoroka, na pia kwamba Luka hataji mfungwa hata mmoja aliyeamini usiku ule. Aliyeamini ni mlinzi wa gereza na nyumba yake. Wafungwa walisikiliza, basi. Luka hakuona haya kuliacha hivyo; sisi kwenye ripoti zetu tungeshaandika idadi.

Na kusikiliza kwenyewe kuna shida ambayo vitabu vya huduma huipita kimyakimya. Mtu wa nje akichoshwa na mahubiri huondoka. Mwenye mkeka wa jirani ataondoka aende wapi? Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zimelifikiria hili kwa upande wetu sisi tunaoingia: kanuni ya 65 inasema mfungwa asinyimwe kuonana na kiongozi wa dini, na akikataa kutembelewa, msimamo wake uheshimiwe kikamilifu. Lakini hakuna kanuni inayomkinga na mwenzake aliyeokoka juzi, mwenye moto, anayekemea mapepo saa kumi alfajiri. Nimeona seli zikikaribia kupigana kwa sababu ya sala. Hivyo wale ninaowafundisha nawapa masharti. Usimshuhudie mtu siku aliyotoka kuhukumiwa. Kaa naye tu. Usihubiri taa zikishazimwa. Usimsomee asiyejua kusoma barua yake ya nyumbani, halafu ugeuze habari alizopata kuwa mfano wa mahubiri. Mwislamu au asiye na dini akikuambia hapana, hapana hiyo isipunguze hata chembe ya unachomgawia. Ukiuliza mara ya pili, uwe umesubiri muda mrefu. Baadhi ya ninaowafundisha wananiona nazima Roho Mtakatifu. Sawa.

Sharti jingine ni la mahabusu, na hili nalisema kwa ukali: ushuhuda wako usiwe na maelezo ya kesi. Mtu akiguswa hutaka kumwaga yote, tarehe, majina, nani alishika nini. Msikilizaji anayelia amina leo anaweza kusimama kizimbani kesho kama shahidi dhidi yako. Mungu anajua tayari. Mengine kamwambie wakili wako.

Halafu kuna ule ushuhuda wa majigambo. Mnaujua. Dakika ishirini za ujambazi, bunduki, magari na wanawake, kisha nusu dakika ya Yesu. Aliyeibiwa hatajwi, aliyezikwa hatajwi. "Mungu amenisamehe, yamekwisha." Yamekwisha kwa nani? Zakayo, yule mtoza ushuru, aliposema atawarudishia aliowadhulumu mara nne, alikuwa anawaza watu wenye sura na madai. Paulo naye, katika barua yake kwa Filemoni, hakumwambia Onesimo, mtumwa wa Filemoni, kwamba yamekwisha. Nikichomekea hapa: acheni kufundisha kwamba Onesimo alikuwa mfungwa mwenzake Paulo. Barua haisemi hivyo. Inasema Paulo alimzaa katika vifungo vyake, aliyefungwa ni Paulo. Inachosema waziwazi ni kwamba Paulo alimrudisha Onesimo kwa Filemoni, na kama alimkosea au kuna deni, Paulo akaomba aandikiwe yeye. Mtu anayetaka kuongoza wenzake kwenye imani namuuliza kwanza kuhusu yule ambaye yeye mwenyewe alimkosea. Si kwamba amwandikie, maana barua kutoka jela inaweza kumjeruhi mtu upya, na sehemu nyingine imekatazwa bila idhini. Nataka tu kuona kama anamkumbuka kwa jina.

Je, imani inawazuia kurudi jela? Wafadhili wanalipenda hili swali, na ninyi mnaoleta magunia ya Biblia mnalipenda pia. Ninachokiona ni kwamba walioshiriki kwa bidii wanarudi kwa nadra kuliko wengine. Ila sijui kama ni imani iliyowabadilisha, au ni wale ambao tayari walikuwa wamechoka na maisha yao ndio wanaojitokeza kuja kwetu. Huwezi kuwagawa watu kwa kura, hawa waokoke, hawa wasiokoke, ukasubiri matokeo. Idadi ya waliobatizwa ninayo daftarini. Maana yake siijui, na anayesema anaijua namwogopa.

Mmoja wa waliokuwa wakiongoza darasa la Biblia alitoka, akarudi na kosa jipya, si dogo. Watu wa nje walinipigia simu wakiwa na furaha iliyojificha vibaya. Ndani hakukuwa na furaha wala mshangao mkubwa. Wafungwa wenyewe walimkalisha nyuma. Alikuja ibadani kwa miezi, hakupewa neno, hakuomba kupewa. Kisha wakaanza kumpa Biblia asome kifungu kwa sauti, ambacho mwingine alikifafanua. Kufundisha, bado. Mimi sikuulizwa. Kama ningeulizwa, labda ningemrudishia darasa mapema zaidi, au nisingemrudishia kabisa. Nabadilika kila ninapolifikiria.