Dawa za miti shamba za milimani: tunayoyaamini na ukweli wenyewe

Wengi wanaamini dawa ikishachimbwa mlimani ni ya asili, basi haina madhara, unywe hata jagi zima. Jamani hapana, na wanaolijua hilo kutuzidi ni haohao wazee wa milimani. Kule milima ya Himalaya, Asia, kuna mmea unaitwa Aconitum, mizizi yake ni sumu kali, inavuruga mapigo ya moyo na mtu anaweza kufa siku hiyohiyo, na bado waganga wanautumia kwa maumivu ya viungo ila kwanza wanauchemsha masaa na masaa maana moto wa muda mrefu ndo unapunguza makali ya ile sumu. Sasa wewe umeletewa tu mzizi mkavu kwenye mfuko, habari ya kuchemsha nani kakwambia? Hapo ndo watu wanaumia.

Wengine nao wanasema yote ni ushirikina. Kwinini, ile dawa ya malaria, ilitoka wapi? Ni gome la mti wa sinkona wa milima ya Andes, Amerika Kusini, lilikuwa linatibu homa toka karne ya 17, ndo mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakaitoa kwinini yenyewe ndani ya gome. Faida kubwa ikawa dozi kupimika, maana miti haifanani, kikombe cha leo kikali, cha kesho maji tu. Ndo maana hata chai ya artemisia Shirika la Afya Duniani (WHO) haishauri kuitumia kutibu malaria, japo dawa ya artemisinini imetoka kwenye mmea huohuo.

Eti watu wa vijiji vya mbali hawapendi hospitali? Mara nyingi zahanati ndo iko mbali, basi.

Halafu kuna hili la kusema mti umejiotea hauwezi kuisha. Mti wa Prunus africana, wengine wanauita mwiria, unaota milima ya Afrika na gome lake linatafutwa sana kwa tezi dume, ukilibandua kuzunguka shina lote mti mara nyingi unakufa, na toka 1995 biashara yake ya kimataifa inabanwa na CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini kuisha kwa biashara. Inauma kweli, mti wa miaka mingi unaisha kwa panga la asubuhi moja.

Na ukienda hospitali usifiche ulichokunywa, beba hata kipande cha huo mzizi umwoneshe daktari, mimea mingine inapunguza nguvu ya ARV na vidonge vya uzazi wa mpango.